Gia Namba Nne Kwenye Kifuniko cha Gumato

Mbele ya duka la Hirsi pale Garsen, karibu na mahali magari ya Malindi yanaposhushia watu, pana ubao mrefu uliokalishwa juu ya matofali. Wanaoukalia kila siku ni watatu. Hirsi mwenyewe, aitwaye Satalaiti kwa kuwa hakuna habari inayompita, hukaa nje ili wateja wasimsumbue ndani. Mwaringa, fundi wa pikipiki, jina lake la hapo ni Spana. Wa tatu ni Mzee Sora, aliyechunga ng'ombe miaka mingi, na mpaka leo akiagiza sukari, sauti yake humgeuza mtu wa ng'ambo ya mto. Kahawa humiminwa na Jamal, ambaye pia huuza kashata.

Asubuhi hiyo Sora alifika kimya, amekumbatia kifuniko cha kioo kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.

— Nini hiyo, Mzee Sora?

— Kifuniko cha raiskuka ya Gumato. Kirungu cha kushikia kimevunjika.

Ubao mzima ukainama kukitazama. Gumato, mkewe, alikuwa Malindi akimwangalia binti yao Ruwaida aliyejifungua. Siku ya kuondoka alimpitisha mumewe nyumba nzima kwa kidole: hiki tumia, kile tumia, raiskuka, sufuria yangu ya umeme ya wali, usiguse. Na kweli Sora hakugusa. Alikula chai na mkate mpaka meno yakachoka. Lakini leo Gumato alipiga simu kwamba yuko njiani, na moyo wa Sora ukamtuma ampikie wali, yeye ambaye hajawahi kumpikia hata uji. Akainua kifuniko, kikamponyoka. Kioo kilipona. Kirungu kilipasuka vipande viwili.

— Amefika wapi sasa? akauliza Mwaringa.

— Gongoni.

— Basi kuna muda.

— Nunua kirungu kingine, alisema Jamal, akimwaga kahawa.

— Sina dukani, alisema Hirsi. Na ningekuwa nacho nisingemuuzia. Warya wewe, hiki si cha kushika tu! Hiki ndicho kinasikia joto. Wali ukiiva, kinaambia umeme: basi, toka.

— Kinaambiaje, na kiko juu, na umeme uko chini?

— Mvuke. Unapanda na swali, unashuka na jibu.

Sora alikuja akidhani amevunja kishikio, kumbe amevunja ulimi wa chombo. Alikiweka kifuniko mapajani, tumbo juu kama bakuli, na Jamal, ambaye hakuwa na pa kutua kashata zake, akazitia humo.

— Mzee, usimsikize Satalaiti, alisema Mwaringa. Kirungu ni uzito. Treni ya zamani ilivuta mizigo kutoka Mombasa kwa nini? Kwa mvuke! Sasa wewe mvuke huo unauzuia na kidude cha plastiki chepesi?

— Kifuniko kinaweza kuruka?

— Hola kuna kimoja kiliruka. Kilitoboa bati.

— Hicho nakijua, alidakia Hirsi. Kilianguka Bangale. Wallahi, wafugaji walikisomea dua wiki nzima, wakidhani ni cha serikali.

Simu ya Sora ikalia: Gumato amepita Idsowe.

Mwaringa akainuka mbio, akaenda kibandani kwake, akarudi na kirungu cha gia ya lori, cheusi, kizito kama jiwe la mizani, namba zimechorwa juu. Akasogeza kashata pembeni kwa kidole, akapitisha skrubu kwenye tundu la katikati, akaweka washa, kile kipete cha mpira, akakaza pole pole asije akapasua kioo. Halafu, kwa kuwa hakuiamini skrubu peke yake, akazungusha gundi ile ya kubandikia soli za viatu.

— Namba nne imwangalie mpishi, alisema Hirsi. Wali ni safari ya tambarare.

— Namba moja! alipinga Mwaringa. Mchele ukianza ni mzito, una mawe, una maji.

— Na hii R ni ya nini? aliuliza Sora.

— Ya kupasha kiporo, alisema Hirsi bila kufikiri.

Wakabishana mpaka povu. Namba nne ikashinda, kwa sababu gundi ilikuwa imeanza kukauka hivyo hivyo.

— Na utunzaji wake? aliuliza Sora, ambaye hakutaka kurudi tena ubaoni na msiba kama huu.

— Usikiloweke kwenye maji, alisema Mwaringa. Futa, kausha, na skrubu ikilegea ikaze kidogo.

— Na kila mwezi gris, alisema Hirsi.

— Gris kwenye wali?

— Kidogo tu. Siku hiyo usitie samli.

Mwaringa akakamata kirungu, akainua. Kifuniko kikaning'inia chini ya mkono wake na kashata zake zote, hata moja isimwagike. Walipiga makofi. Sora alicheka kwa sauti yake ile ya malishoni, na ng'ambo ya barabara punda akashtuka.

Ndipo gari la Malindi likasimama. Gumato akashuka na mfuko wake, akaja moja kwa moja ubaoni.

— Hicho si kifuniko changu?

Alikichukua, akawamwagia kashata zao kwenye ubao, akakigeuza hivi, akakigeuza vile. Upande wa juu kioo kilikuwa laini, kitupu kama upara. Akawatazama mmoja mmoja.

— Sasa anayefunua atakuwa ndani na wali?

Mwaringa akashika spana, akakaza mikono, akavuta, akapindua. Gundi haikutikisika, akamrudishia Gumato kifuniko na kukimbilia kibandani kwake. Hirsi alisema amesikia mteja dukani, ingawa duka halikuwa na mtu. Jamal aliinamisha buli, yakatoka matone mawili, akalifungia kwenye kikapu na kuondoka nalo.

Walibaki wawili.

— Nilikwambia usiguse, alisema Gumato.

— Nilitaka ukute wali.

Gumato akamtwika mfuko wake, kifuniko akakichukua mwenyewe, wakaenda nyumbani. Gumato akaketi kwenye mkeka, akakataa kusaidia. Sora akapima mchele, akatia maji, akafunika raiskuka kwa sahani, akasimama mbele yake mpaka taa yake ilipozimika.

Wali ulikuwa bokoboko juu na umeshika chini. Gumato alikula, akaongeza, akakwangua mpaka ukoko.