Mihayo Mwandu, Aliyekubaliwa Kupasuliwa

Hapana, Maduhu, hilo haliandikwi. Nyanjige hakukataa mumewe apasuliwe, na humtoi kwenye nyumba ya marehemu kwa maneno hayo, yeye akiwa bado ndani analia na akina mama. Kaa chini, ngosha, mwanamume mzima wewe. Ulitaka wasifu wa mdogo wako. Ndio huu, binti yake Jenifer ameuandika kama mimi bibi yenu nilivyoutamka.

Marehemu Mihayo Mwandu alizaliwa hapa Ipililo tarehe 9 Machi 1956. Mvua ya siku hiyo ilileta kambare mpaka chini ya kitanda cha mzazi, nikampika samaki huyo kabla kitovu cha mtoto hakijafungwa. Anayebisha hakuwepo.

Alisoma hapahapa mpaka darasa la saba, kisha akawa mpimaji wa pamba katika chama cha ushirika. Soko lilipofunguliwa mwaka 1994 na wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, mmoja alimchukua akapime Bariadi. Wakulima walimfuata huko, maana hakuinua gunia kwa goti ili lionekane jepesi.

Alifunga ndoa na Nyanjige kanisani Nyalikungu, Jumamosi tarehe 14 Juni 1980. Alicheza mpaka soli za viatu zikamtangulia nyumbani.

Mwezi wa nne mwaka huu wa 1996 alianza kuvimba tumbo upande wa kulia. Hospitali kubwa ya Mwanza waliona saratani, mabonge matatu kwenye ini. Daktari alisema, “Yote yako upande mmoja, mshipa mkubwa ni safi, na ini litakalobaki lina nguvu. Huyu tutampasua.” Kitanda cha jirani alilala Martha wa Meatu, mwenye bonge moja tu. Yeye walimkataa, kwa kuwa ini lake lote lilikuwa limesinyaa.

Hapo Maduhu ukasimama. “Mwenye moja arudishwe nyumbani, mwenye matatu ndiye apasuliwe? Wanataka kujifunzia kwake.”

Nyanjige akapiga magoti. “Shemeji, wamemkubali. Mwache.”

“Wewe umeletwa na ng'ombe wetu wa mahari. Mambo ya ukoo huyasemei.”

Ukamrudisha ili kwanza mganga apasue kuku, asome ndani yake kama Mihayo apasuliwe. Kuku wa kwanza hakueleweka, ukataka wa pili. Kila kuku alingoja ukoo ukusanyike, na ukoo ulikuwa shambani unavuna pamba. Mlipofika tena Mwanza mwezi wa nane, bonge moja lilikuwa limeingia kwenye mshipa mkubwa. Daktari alitazama picha akasema, “Siku ile, ndiyo. Leo hapana.” Mihayo alikuwa anasikia.

Alifariki Bariadi, Jumanne tarehe 12 Novemba 1996, tukamleta hapa nyumbani kwake. Ameacha mjane, Nyanjige. Watoto wanne, Jenifer, Paschal, Violeth na Januarius. Kaka yake Maduhu. Na mimi, ambaye kifo kinaniogopa kwa mdomo wangu. Mungu ampe Mihayo usingizi ambao maumivu yalimnyima.

Jenifer, kunja karatasi. Sasa wewe, Maduhu. Jana uliwaambia wazee kwamba Nyanjige ndiye aliyekataa. Wazee ni hawa hapa. Usimtazame Jenifer, nitazame mimi. Nani alikataa Mihayo apasuliwe?

“Bibi, unanivua nguo mbele za watu.”

Ulizivua mwenyewe, mimi nakuonyesha zilipo. Nani?

“Bibi, mimi ndiye nili...”

Mbona umekatisha?

Ah. Karibu, Nyanjige. Pita, kaa hapa mbele.