Unga wa Kisima Namba 214

Mbele ya duka la mikate, karibu na lango la visima vya mafuta huko Mangistau, kuna benchi la bomba kuukuu. Wanaume wa zamu hukaa hapo, wakinywa chai ya maziwa ya ngamia na kuwavunjia watu heshima. Mchana huo walikuwa wamefura kwa hasira. Kisima 214 kilipewa unga wa kuyafanya maji yawe mazito, yasukume mafuta yaliyobaki chini. Wiki ya tatu sasa, kinatapika maji matupu. Kikifungwa, zamu nzima nyumbani. Izbasar, dereva, ndiye aliyefoka kuliko wote, kwa sababu aliyoijua peke yake: dumu la maji ya kisima, la kupelekwa maabara wapime na kuchagua unga unaofaa, lilimmwagikia njiani. Akalijaza bombani kwa shemeji yake. Maji ni maji, alijiambia.

— Huo ni unga wa chapati! alinguruma Koishibai, aliyeitwa Profesa kwa kurudia darasa la saba mara mbili.

— Ungekuwa wa chapati si tungekula? akasema Temir, fundi wa pampu. Nimeuchanganya mwenyewe, mzito kama uji. Ulipokutana na chumvi ya huko chini, ukawa maji ya kunawia!

— Chumvi gani! Wenye visima vya jirani wanatufyonzea mafuta kwa mrija chini kwa chini!

— Mrija wa kilomita sita, Profesa?

— Haba na haba hujaza kibaba!

— Nenda zako huko! Mkosaji ni aliyeuchagua! Izbasar akalipiga benchi ngumi. Afukuzwe! Leo leo!

— Kesho asubuhi wanamfukuza, akasema Temir. Yule binti wa maabara, Marjan. Ndiyo hivyo, maji yakimwagika hayazoleki.

Chai ikampalia Izbasar. Alikuwa bado anakohoa alipotokea Marjan mwenyewe, vumbi hadi magotini, macho mekundu.

— Salamu, kaka zangu. Matusi yenu nimeyasikia tangu langoni, msijisumbue kurudia. Nimepima upya maji mliyoniletea. Hayana chumvi hata punje. Ningeweza kuyapikia chai. Nani aliyateka?

Profesa akamtazama Temir. Temir akamtazama Profesa. 

Izbasar akainua birika ajimiminie, apate cha kufanya. Halikutoa hata tone. Akalitua, akafuta masharubu, akaona kinywa chake hakikubakiwa na kazi nyingine ila kusema kweli.

— Binti yangu, akasema, keti kwanza.