Risala ya Wazazi wa Watoto Wanaopimiwa Wali

Mgeni rasmi, Daktari Twaiba Mramba, uliyeacha shughuli zako ukaja kuketi nasi hapa Msambweni: assalamu alaykum, na kwa wenzetu, Bwana asifiwe.

KARIBU TENA
Sisi wazazi wa watoto sita tumefurahi kukuona. Mwaka jana ulituletea trei tatu za mayai. Tulipiga makofi, tukakushukuru, na ulipoondoka tukayala wenyewe, kwani watoto wetu hawaruhusiwi hata yai moja. Hatukukwambia siku ile. Tuliona haya, na mayai yalikuwa matamu.

MARADHI YENYEWE
Watoto hawa wamezaliwa na miili isiyomudu protini. Samaki, nyama, maharagwe, hata maziwa ya ng'ombe, huwageukia sumu ya ubongo. Chakula chao ni muhogo, matunda na wali wa kupimwa kwa mizani, pamoja na maziwa maalumu ya unga mara tatu kwa siku.

TULIYOYAPITIA
Mwaka huu vipimo vya damu vya Sidi, binti wa miaka sita wa Kinondo, viliharibika ghafla. Akaanza kusahau herufi alizozijua. Mama yake alipima kila kijiko asione kosa. Mwishowe akamwuliza mtoto mwenyewe.

"Nyanya hunifichia samaki chini ya wali," Sidi akasema. "Ameniambia nisimwambie mtu."

Tulimwendea nyanya, Bi. Kadzo, sote kwa pamoja. Hakukana.

"Mwataka nimtazame mjukuu wangu akikonda, na samaki wamo jikoni?"

Mama Sidi alimpa daftari la mtoto: herufi za Januari, kisha za Aprili. Bi. Kadzo akazilinganisha, akalia.

Leo ndiye mshika mizani wetu, na ni mkali kuliko daktari. Juzi alimpokonya mwenyekiti wetu mshikaki mbele za watu, akidhani anampelekea mwanawe. Ulikuwa wake mwenyewe. Mpaka sasa hajaombwa radhi. Nazo herufi za Sidi zinarudi, moja moja.

TUNAYOYAOMBA
Maziwa haya hutoka Nairobi, na mzigo wa mwezi huu haujafika. Tunaomba yawekwe akiba hapa karibu. Tena tunaomba kila mtoto mchanga atolewe tone la damu kisiginoni, apimwe mapema. Mwau, mwana wa katibu anayekusomea risala hii, aligunduliwa akiwa na miaka minne. Leo ana tisa, na bado hajatamka neno.

Mgeni rasmi, hapo mbele yako pana kikombe cha maziwa hayo. Harufu yake utaizoea, wenzako hawa sita wameizoea. Sidi amesema atakutazama mpaka umalize. Utuwie radhi kwamba tumekijaza nusu. Si uchoyo. Makopo yamebaki manne, na watoto ni sita.

Mola akuzidishie afya, wewe na wa nyumbani kwako, na safari yako ya kurudi iwe ya salama.

Ni sisi,
Kikundi cha Wazazi wa Mizani, Msambweni.
Imesomwa na Mumbe Kimanzi, katibu.