Hamu ya Kushuka Ghorofa ya Nne

Habari zenu, ndugu zangu. Mniruhusu niongee nikiwa nimeketi, na nikinyamaza katikati msidhani nimesahau. Navuta pumzi. Wengi humu mnaijua shughuli hiyo.

Mimi nilikuwa mchonga vinyago. Karakana yetu iko Shauri Moyo, wanaume saba chini ya bati moja, wote wa kwetu Ukambani. Nilichonga na kupiga msasa miaka mingi, na sigara mdomoni, vumbi na moshi vikaingia pamoja. Daktari aliponiambia mapafu yangu yameharibika na hayatarudi yalivyokuwa, nilifikiria jambo moja tu: nani atakaa kwenye kigogo changu saa ya chai?

Tunaishi Kayole, ghorofa ya nne. Siku moja pumzi ilinikatikia kwenye ngazi. Nilikumbatia ukuta nikijua nakufa, na watu wananipita na mitungi yao ya maji. Tangu hapo sikushuka tena. Nawaambia, miezi minane sikukanyaga udongo! Nilikaa dirishani nikitazama watu wakiruka matope, wakiyalaani. Nami niliyatamani hayo matope.

Wenzangu wa karakana walipiga simu. "Mzee, mpingo umefika, mweusi tititi. Unakuja lini?" Nilimwachia mke wangu aseme nimelala, na kumbe niko macho, nasikia tezo zikigonga mti nyuma ya sauti zao. Mwishowe wakaacha kupiga.

Sasa hapa ndipo pagumu. Niliacha dawa yangu ya kuvuta, ile ya kikopo aliyonipa daktari. Asubuhi niliishika mkononi mke wangu akiniona, akitoka naiweka kando. Sikusema nataka kufa, hata moyoni sikulitamka neno hilo. Nilikuwa nimechoka kungoja.

Mke wangu anauza nguo za watoto Gikomba. Mchana mmoja alirudi mapema, akaiokota ile dawa, akaitikisa.

"Baba watoto, hii ilipaswa kuwa imeisha."

Nikageukia dirisha.

"Kumbe unaniaga na mimi sijui?"

Akaketi sakafuni akalia. Tulizika wazazi wake wote wawili, lakini sijawahi kumsikia akilia vile.

Kesho yake majirani wawili walinishusha nikiwa kwenye kiti, tukaenda kliniki. Nesi alisikiliza kifua, kisha akakiweka chombo chake mezani. "Kifua nimekisikia," akasema. "Wewe mwenyewe je?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamwambia yote, hata ya dawa. Hakunikemea. Alinieleza kwamba ukiogopa, pumzi hukimbia, na pumzi ikikimbia hofu huzidi. Akanifundisha kuitoa polepole, midomo ikiwa imebanwa kama mtu anayepoza chai. Akanikabidhi kwa mshauri nasaha, naye akanieleza habari za kikundi hiki chetu cha wagonjwa wa kifua. Nikamjibu kwamba sitashuka zile ngazi kwa miguu yangu. Akasema, basi, kikundi kitapanda.

Wiki hiyo, mchana, nikasikia mtu akipanda. Ndugu zangu, sikuhitaji kumwona. Pumzi ile niliijua, ilikuwa kama yangu! Hatua tatu, kimya. Hatua tatu, kimya. Nikatamani kumpigia kelele arudi. Alipofika mlangoni hakuweza kusema, akaketi, nami nikaketi, tukapumua pamoja kama wazee wawili wanaozozana bila maneno. Ni mwenzetu wa kikundi, yuko hapa, simtaji.

"Nimepumzika mara saba," akasema mwishowe. "Nawe shuka ukipumzika mara saba. Nani anatukimbiza?"

Nilivaa viatu. Jirani wa ghorofa ya pili, mama mmoja wa Mombasa, alikuwa amemtolea mgeni wangu kigoda. Alipotuona tunashuka akakipangusa kwa leso. "Keti, baba. Kitabaki hapa hapa, hakuna atakayekiondoa."

Nilifika chini. Nikasimama kwenye matope nikilia, viatu vikizama.

Sitawadanganya kwamba hamu ya kuchonga imekwisha. Juzi nilienda Shauri Moyo. Nilisimama ng'ambo ya barabara vumbi lisinifikie, na wale sita wakaacha kazi wakavuka, tukanywa chai kwenye kibanda. Walipoaga kurudi kazini, mkono wangu ulifunguka wenyewe, ukitafuta mpini wa tezo. Jambo hilo namwambia mshauri wangu kila tunapokutana. Halijapoa.

Namshukuru nesi yule. Namshukuru aliyepanda, na jirani yangu mwenye kigoda. Mke wangu nitamshukuru nyumbani, hapa nitashindwa.

Nanyi mlio na mgonjwa wa kifua, nawaomba hivi: msiishie kumwuliza kama amevuta dawa. Ketini naye. Mwulizeni anatamani nini. Na hata kama anachotamani hamwezi kumpa, msiondoke haraka.