Nyumba Moja Iliyobaki: Maisha ya Mzee Tobias Ngassa

Ndugu waombolezaji, mzee tunayemzika leo hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Alizaliwa hapa Kwihara tarehe 14 Agosti 1956, na mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alikimbia kwanza, kutambaa kukafuata.

Alisoma hapa hapa hadi darasa la saba, mwaka 1971, kisha akaingia porini na baba yake kurina asali, kazi aliyoifanya mpaka mwisho. Tarehe 7 Mei 1983 alifunga ndoa na Theodora. Mungu akawapa Adriano, na baada ya miaka mingi ya kungoja, Recheli.

Mwaka 2018, chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa, Mzee Tobias alisikia watu wakisema inafunga kizazi. Akampakia Recheli, aliyekuwa na miaka kumi na minne, kwenye baiskeli, akamficha kwa shangazi yake Kigwa hadi wauguzi walipoondoka shuleni. Mwaka uliofuata Theodora akaugua. Hospitalini mzee alimwuliza muuguzi, "Hiyo chanjo niliyomficha binti yangu, ndiyo ya ugonjwa huu?"

"Ndiyo, baba."

Theodora alifariki Novemba 2019. Tangu hapo mzee hakukaa kitako tena. Nyumba hadi nyumba, kijiji hadi kijiji, akihimiza mabinti wachanjwe. Mwanzoni aligombeza watu, wakamfungia milango. Akajifunza kuwauliza kwanza wanaogopa nini, akawasikiliza, na asilolijua alilipeleka kwa muuguzi akarudi na jibu siku hiyo hiyo. Ndipo alipokuwa akisema: "Nyasi chini ya mzinga unafyeka lini? Moto ukishafika, panga la nini? Mabinti tuwakinge wangali wadogo." Na habari ya Recheli aliisimulia mwenyewe, bila kujificha.

Mtani wake Rashidi, fundi baiskeli mjini, alimchokoza: "Mnyamwezi wewe! Babu zako walibeba pembe hadi pwani, wakafika, wakatua mzigo. Wewe wako unautua lini?"

"Ikibaki nyumba moja, bado."

Na nyumba moja ilibaki: ya mwanawe Adriano, kule Isikizya. Adriano hakutaka binti yake Mektilda, mwenye miaka kumi, achanjwe.

Januari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua mzee, na daktari akamkataza baiskeli. Jumamosi iliyopita aliipanda. Adriano alimpokea mlangoni: "Shikamoo, baba. Hilo tutaongea ukipona."

"Marahaba. Mimi nitapona au sitapona. Mtoto anakua."

Chai aliiacha nusu. Alifariki hospitalini Tabora, Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa tatu asubuhi.

Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, na mizinga sitini na miwili porini. Anayewasomea maneno haya ni Adriano. Kesho asubuhi, kabla matanga hayajaanuliwa, atampeleka Mektilda zahanati, kwa baiskeli ile ile.

Nyumba zimekwisha, baba. Tua mzigo. Kaa sasa, upumzike kwa amani.