Satur Etxaburu, Mguu wa Kushoto wa Sestao

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama mbele yenu mimi, Jenaro Etxaburu, kusoma historia ya kaka yangu Saturnino, ambaye nyote hapa Sestao mlimwita Satur, na kama kuna anayeshangaa kwamba kazi hii nimepewa mimi, ajue kwamba marehemu mwenyewe angeshangaa zaidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Julai 1937, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Leandro na Mama Feliciana, na alizaliwa Castro Urdiales, si hapa, kwa sababu wiki mbili kabla Bilbao ilikuwa imetekwa vitani, na mama yetu, mimba ikiwa imeshamwelemea, alikimbia na wenzake kuelekea magharibi, akavuka mpaka wa jimbo letu, akajifungulia kwenye ghala la samaki. Mimi nilizaliwa tarehe 9 Machi 1941, hapa hapa Sestao, kitandani kwa bibi, bila kufanya lolote la kustahili bahati hiyo, na kwa jambo hilo marehemu hakunisamehe.

Alisoma shule ya mapadri hapa mjini kuanzia mwaka 1943, na mwaka 1951 akaingia karakana ya meli kujifunza kuchomelea vyuma, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 1995, na jioni alikuwa winga wa timu ya mtaa, mwenye mguu wa kushoto uliowafanya mabeki wazima wakae chini bila kusukumwa. Mwezi Mei 1955 alikuja mzee mmoja aliyekuwa akiitafutia vijana Athletic, klabu kubwa ya soka ya Bilbao, akamtazama mechi nzima, akamwita pembeni, akamuuliza amezaliwa wapi. Marehemu angeweza kudanganya, lakini alisema Castro, na mzee akavua kofia, akamwambia, "Pole, mwanangu," akaenda zake, maana klabu ile huchezesha watu wa kwetu tu, na enzi hizo mtu wa kwetu alihesabiwa kwa mahali alipozaliwa. Siku hizi aliyelelewa kwetu naye ni wetu, ila siku hizi zilimkuta marehemu ana mvi.

Mwaka 1960 mzee yule yule alirudi, akanichukua mimi. Nilicheza mechi nne San Mamés, uwanja wa Athletic, sikufunga hata bao moja, na marehemu alihudhuria zote, amesimama nyuma ya goli, na wenzake wa karakanani walipomuuliza mdogo wake amechezaje alijibu, "Jenaro? Jezi ilicheza vizuri." Wivu wake haukuwa wa kuficha, hadi Krismasi mbili mfululizo akala jikoni ili asikae nami meza moja, na mama akawa anampelekea supu huku akilia.

Tarehe 14 Septemba 1963 alifunga ndoa na Karmele, na walijaliwa mtoto mmoja. Tarehe 11 Oktoba 1966 walikuwa Castro hiyo hiyo kwenye harusi ya binamu, uchungu ukamshika Karmele, na marehemu, badala ya kumwita mkunga aliyekuwa akila keki meza ya jirani, alimpakia mkewe kwenye lori la dagaa, akaliendesha kuelekea mpakani kama mwendawazimu. "Satur, mtoto anakuja!" "Mwambie asubiri, tumebakiza kona mbili!" Mtoto alizaliwa ndani ya lori, upande wetu wa mpaka, akawa Arantza, huyu aliyeketi mbele yenu, msichana, wakati ambapo klabu haikuwa na timu ya wasichana, na Karmele alicheka hadi machozi, na kumnunia mumewe alimnunia mwezi mzima.

Mwaka 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu. Tarehe 11 Aprili mwaka huu wa 2024, mashua ya Athletic ilipopita mtoni na kombe, baada ya miaka arobaini ya kulingoja, nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi ukingoni, na katikati ya kelele zile mzee nisiyemjua alinishika mkono, akaniambia, "Wewe si mdogo wake Satur, yule wa mguu wa kushoto?" Nilitaka kumwambia kwamba aliyevaa jezi ni mimi, kwamba miaka sitini na zaidi nalisubiri swali tofauti na hilo na sijawahi kuulizwa, lakini nilimjibu, "Ndiye mimi". Marehemu alikuwa amesikia. "Inauma, eh?" Nikamjibu, "Inauma, kaka." "Karibu," akasema, akanipa nusu ya mkate wake wenye soseji ya chorizo. Ilikuwa mara ya kwanza kunigawia chakula tangu mwaka 1960.

Mauti yalimfika tarehe 3 Mei, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Arantza, na ameacha mjane, mtoto na wajukuu wawili. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia mabishano yake kuhusu mawinga, majirani waliopika, na wachomeleaji wenzake waliolibeba jeneza bila kuniruhusu nishike, kama alivyowaagiza.

Kaka, kesho nitapita mtaani, wataniita mdogo wake Satur, na wewe hutakuwepo kufurahi. Nenda kapumzike kwa amani. Wivu uliobaki sasa ni wangu peke yangu.