Kofia Kwenye Msumari: Maisha ya Meja Mstaafu Jane Nyaguthii Lemayian

Poleni kwa safari, na poleni kwa jua. Mimi ni Irungu, kaka yake. Familia imeniachia kusoma kwa sababu wengine wamechoka kulia. Hata mimi nimechoka, lakini nitasoma.

Marehemu alizaliwa Kiserian tarehe 14 Machi 1976, binti wa marehemu Mzee Mbugua na marehemu Mama Ciku, waliouza nafaka sokoni. Alisoma msingi hapo hapo, kisha sekondari mjini Kajiado. Tangu utotoni watu walimweleza mambo yao bila kuulizwa. Akitumwa chumvi, chumvi ilifika chakula kimeshaliwa, maana njiani alikutana na mwenye shida.

Mwaka 1999 alihitimu shahada ya saikolojia, na mwaka uliofuata akajiunga na jeshi. Baba aliuliza kama askari nao wanahitaji kubembelezwa. Nyaguthii alijibu kwamba hao ndio wanaohitaji zaidi. Akapewa ofisi ya ushauri nasaha kambini, na kwa muda mrefu hakuna aliyeingia kwa hiari. Aliyeonekana mlangoni pake aliitwa mwendawazimu. Walioletwa kwa amri walipiga saluti, wakasema, "Niko sawa, Afande," wakaenda zao. Alikaribia kuiacha kazi.

Tarehe 6 Desemba 2003 alifunga ndoa na Lemayian, daktari wa mifugo hapa Kitengela. Siku ya kwanza kusalimia ukweni alitoka kambini na sare yake. Mama mkwe, Kakenya, alinyoosha mkono amguse kichwani, jinsi Wamaasai wanavyomsalimia mdogo, mkono ukakutana na kofia. Mama akangoja. Nyaguthii akaivua, akainamisha kichwa, na wawili hao wakazungumza hadi ng'ombe wakarudi.

Aliporudi kambini alipigilia msumari kando ya mlango wa ofisi, akaitundika kofia yake. Afisa asiyevaa kofia hapigiwi saluti. Koplo Ndolo, ambaye tuko naye leo, aliinua mkono ukaishia njiani. Nyaguthii akamwambia, "Kofia iko kwa msumari. Keti tuongee." Ndolo alikaa, akalia hadi chai ikapoa. Baada yake benchi la nje halikukauka watu.

Nyumbani Noonkopir alifika amechoka, na siri ya mtu hakuitoa. Nasi nduguze tulimpelekea zetu. Zake mwenyewe hatukuwahi kuzisikia.

Alistaafu mwaka 2021. Julai 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Siku moja hospitalini aliitazama hii kofia yangu mnayoijua, akasema, "Irungu, toa kofia uketi." Nikaitundika kwenye chuma cha dripu. Akaongea hadi sauti ikaisha. Aliyoyasema sitayasoma hapa, kwa kuwa naye hakuwahi kusoma ya mtu. Yalikuwa mazito, na bado yananilemea. Alipomaliza alilala vizuri. Alituacha tarehe 11 Februari 2025.

Ameacha mumewe Lemayian, watoto wao Evalyne na Mbugua, mama mkwe Kakenya, dada yetu Cate, na mimi.

Wanajeshi wenzake walitaka kofia yake ikae juu ya jeneza, kama desturi yao. Ndolo aliwaomba isiwe hivyo, wakakubali. Mtaiona pale kwenye nguzo ya hema, imetundikwa kwa msumari. Aliyebaki na neno asogee amwambie, ila asirefushe. Amesikiliza vya kutosha. Sasa tumwache apumzike.